Koncheto za baroki za wawili, mmoja nyuzi mmoja pumzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kuwatumia watu huu muziki kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanakwaya, maswali yanayorudi ni yale yale, tena mazuri, kwa hiyo nimeona niyaweke sehemu moja niyajibu kwa kirefu. Sitaandika kitaalamu sana, ila pale panapohitaji maelezo ntakaa hapo hadi paeleweke.

Koncheto ni nini, na ikisemwa "ya wawili" ndio vipi?

Koncheto ni muziki wa ala, haina maneno, ambapo mtu mmoja au wachache wanatoka mbele ya okestra wanapiga solo na okestra inawajibu, inawabeba, mara inawapisha kabisa. Ikiwa ya wawili basi waliotoka mbele ni wawili na wote ni wakubwa, hakuna bosi na msaidizi. Baroki ni kile kipindi cha muziki wa Ulaya cha kama 1600 hadi 1750, ila koncheto zenyewe zilikuja kushika kasi mwishoni mwishoni, na nyingi nitakazotaja hapa ni za miaka ya 1710 hadi 1740 hivi.

Zipo koncheto za fidla mbili, za obo mbili, za filimbi mbili, na ni tamu. Ila huku ninaongelea zile ambazo mmoja anapiga ala ya nyuzi (fidla, viola da gamba, selo) na mwenzake ala ya kupuliza (obo, filimbi, basuni, tarumbeta). Mmoja ana upinde, mmoja ana pumzi.

Kwa nini mtunzi ajisumbue kuchanganya hivyo? Si fidla mbili zingetosha?

Hili ndilo swali lenyewe. Fidla mbili ukifumba macho huwezi kujua sasa hivi anapiga nani, sauti ni moja, zinasukana kama ukili. Lakini fidla na obo unajua kila sekunde nani anaongea, hata wakipiga wimbo ule ule noti kwa noti hauwi wimbo ule ule, maana fidla ina nyuzi nne na upinde unaoweza kwenda na kurudi mpaka kesho asubuhi bila kukatika, inaweza kuruka kutoka uzi wa chini mpaka wa juu ndani ya kufumba na kufumbua. Obo haiwezi hayo. Obo ina mstari mmoja tu na mtu nyuma yake anayehitaji kupumua. Sasa mtunzi anatakiwa aandike wimbo ambao wote wawili wanauweza, kisha kila mmoja amwachie nafasi ya kuwa yeye mwenyewe.

Ni kama washairi wa malumbano. Wa kwanza anatupa beti, wa pili anachukua vina vile vile na mizani ile ile anajibu, na utamu wote upo kwenye kwamba kanuni ni moja ila koo ni mbili. Ukisikiliza koncheto hizi kwa masikio hayo utaona hazina ugumu wowote, mnaosemaga "huu muziki wa kizungu siuelewi" nyie mnaelewa tayari.

Kuna neno "ritonelo" nalikuta kila mahali, ndio nini?

Kibwagizo. Okestra yote inaanza na wimbo wao, wapiga solo wanaingia na yao, okestra inarudi na kipande cha ule wimbo wa mwanzo, solo tena, okestra tena, mpaka mwisho wimbo wa mwanzo unarudi mzima. Tofauti na kibwagizo cha kwaya ni kwamba kila kikirudi katikati kinaweza kuwa kwenye ki (key) nyingine, mfano kilianza C maina (minor) kikarudi kwenye E flati meja (major), na mara nyingi kinakuja kipande tu.

Wa Unguja mtanielewa haraka zaidi: mkisikiliza bashrafu, ule muziki wa ala wa kufungulia taarab, kuna kipande kinarudi rudi baada ya kila sehemu mpya, na msikilizaji anakisubiri kama anavyomsubiri mgeni aliyeahidi kuja. Bashrafu ilitoka njia ya Uturuki na Misri, haina undugu wa damu na koncheto za Venice kule Italia, ila akili ya mpangilio ni ile ile, unatoka nyumbani unatembea unarudi.

Nianze na ipi?

Bach, mtunzi Mjerumani, koncheto yake ya obo na fidla ya C maina, namba yake BWV 1060R (BWV ni orodha ya kazi za Bach). Sina hata sekunde ya kusita. Ina sehemu tatu, haraka, polepole, haraka, na yote haizidi dakika 15.

Sehemu ya kwanza sikiliza zile mwangwi za mwanzoni, okestra inasema kitu kwa nguvu halafu mkia wake unarudiwa kwa sauti ya chini kama mtu anajirudia maneno yake pembeni. Ya tatu ina mwendo wa kurukaruka na fidla inapata nafasi ya kumwaga noti nyingi nyingi kwa mfululizo huku obo ikishika wimbo juu yake.

Ila ya kati ndio iliyonifanya niandike ukurasa huu. Inaitwa Adagio, polepole, inayumba kwa mapigo ya 12/8, yaani mapigo makubwa manne na kila moja ndani yake lina matatu, kama mtumbwi uliofungwa unachezewa na maji ya jioni. Okestra kwenye rekodi nyingi inaweka upinde chini, wanadonoa nyuzi kwa vidole tu, tak, tak, tak, ili wasizibe kitu. Juu yake mmoja anaanza wimbo mrefu, mwenzake anamwacha afike mbali kidogo ndio anaingia na wimbo ule ule, na yule wa kwanza hanyamazi, anaendelea na kitu kingine kinachokaa vizuri chini ya mwenzie. Sikukwambii nani anaanza, sikiliza mwenyewe, na usikilize mara tatu: ya kwanza fuata obo peke yake mwanzo mwisho, ya pili fuata fidla peke yake, ya tatu waache wote wawili waje. Mara ya tatu ndio utasikia kwamba kuna sehemu mmoja ameshikilia noti moja ndefu, haendi kokote, anamngojea mwenzake apite. Kiukweli kila nikifika hapo naacha ninachofanya.

Hiyo R ya mwisho kwenye BWV 1060R ni ya nini?

Ni ya kusema kwamba koncheto hii imejengwa upya. Koncheto yenyewe ya obo na fidla kwa mkono wa Bach haipo, imepotea.

Kilichobaki ni koncheto ya hapsikodi mbili, BWV 1060, ya miaka ya 1730. Hapsikodi ni kile kinanda cha zamani ambacho ukibonyeza kibao kuna kidude ndani kinadonoa uzi. Bach akiwa Leipzig, mji wa Ujerumani, alikuwa na tabia ya kuchukua koncheto zake za zamani za ala nyingine na kuzigeuza ziwe za hapsikodi. Tunajua hivyo kwa uhakika kwa sababu kuna nyingine zimebaki zote mbili: ile koncheto maarufu ya fidla mbili ya D maina, BWV 1043, ipo, na ile ya hapsikodi mbili aliyoitoa humo, BWV 1062, nayo ipo, ameishusha ikawa C maina maana hapsikodi alizoandikia hazikufika juu kama fidla. Ukiziweka pembeni kwa pembeni unaona alivyofanya kazi, hapa amebadilisha hiki, hapa ameongeza mkono wa kushoto, pale ameacha kama ilivyo.

Kwa hiyo wataalamu wakarudi kwenye BWV 1060 wakaitazama kwa jicho hilo. Wakaona mikono ya kulia ya zile hapsikodi mbili haifanani tabia. Mmoja unaimba mistari mirefu na haushuki chini ya mahali obo inapoishia. Mwingine umejaa yale mambo ya kuvuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine ambayo mtu wa hapsikodi hana sababu ya kuyaandika ila mtu wa fidla yanakuja kwenye kiganja chenyewe. Ndio ikajulikana hawa walikuwa obo na fidla.

Na hapa niseme ninachoamini: sikiliza ile ya hapsikodi mbili kisha hii ya kujengwa upya. Kwenye hapsikodi sauti mbili zinafanana, malumbano yanakuwa mtu anaongea na kivuli chake, ni nzuri ila imefifia. Zikitenganishwa obo huku fidla kule, muziki unafunguka kama dirisha. Mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Mbona rekodi nyingine iko D maina na nyingine C maina, ipi sahihi?

Zote zina hoja. Waliosema "Bach aliishusha ile ya fidla mbili kutoka D kwenda C, basi na hii aliishusha" wakaijenga kwenye D maina. Wengine wakasema hapana, kwenye C maina inakaa vizuri kwa obo, hakuna sababu ya kuihamisha, na siku hizi hawa ndio wengi.

Alafu kuna jambo lingine linachanganya watu. Vikundi vinavyotumia ala za mtindo wa zamani vinapiga chini karibu nusu toni nzima, A yao ina mtetemo 415 kwa sekunde wakati ya siku hizi ni 440. Kwa hiyo ukiweka simu yako na programu ya kutyuni utaona C maina yao inasoma kama B maina. Simu haijaharibika.

Obo ni nini? Naisikia tu jina

Ukiwa mtu wa Pwani, obo ni binamu wa zumari. Zote mbili zina ulimi wa mapande mawili mdomoni, pumzi inapita katikati, mapande yanatetemeka yanagongana, ndio ile sauti ya puani inayokata hewa. Zumari mpigaji anaumeza ulimi wote mdomoni na kujaza mashavu hewa ili sauti isikatike hata akivuta pumzi kwa pua, ndio maana inasikika mtaa wa pili harusi ikipita. Obo walioiunda Ufaransa kwenye karne ya 17 walitaka kitu cha ndani ya nyumba, kwa hiyo mpigaji anaubana ulimi kwa midomo yake mwenyewe, anaweza kuufanya unong'one au ulie. Ulimi wa obo unatengenezwa kwa tete, ndio, haya haya matete, la aina inayokua sana huko Mediterania, na wapigaji wengi wanauchonga wenyewe kwa kisu, unaharibika baada ya muda mfupi, wanachonga mwingine.

Ya wakati wa Bach ilikuwa ya mti tu, matundu yanazibwa na vidole na ina vibonyezo viwili vitatu basi. Ya leo imejaa vyuma.

Mpiga obo anapumua saa ngapi kwenye ile mistari mirefu ya Bach?

Swali hili limeulizwa na karibu kila mwanakwaya na nalipenda, maana ni nyie mnaojua shida ya pumzi.

Jibu lake ni kinyume na unavyodhani. Tundu la ule ulimi ni dogo mno, kama ufa, hewa inayotoka ni kidogo sana, kwa hiyo mpiga obo haishiwi hewa. Shida yake ni kwamba hewa inamchacha kifuani. Amevuta pumzi kubwa, ametumia kidogo, iliyobaki imechoka na mwili unadai mpya, ila hawezi kuvuta kabla hajatoa ile ya zamani. Kwa hiyo kwenye kapengo kadogo ka mapumziko anatoa, kwenye kapengo kengine anavuta. Ukitazama video tazama hilo, utaona mabega na uso wakati fidla imepokea wimbo, pale yule wa obo anafanya kazi ambayo haisikiki.

Na ndio maana nasema malumbano haya yametungwa kwa huruma. Fidla inapopokea mstari, sio mapambo tu, inampa mwenzake muda wa kuishi.

Bach peke yake? Na Vivaldi?

Vivaldi, mtunzi Mwitaliano, ameandika koncheto karibu 500, zaidi ya 200 ni za fidla moja, kwa hiyo hizi za fidla na obo ni chache ndani ya bahari kubwa. Tafuta RV 548 (RV ni orodha ya kazi za Vivaldi), ya B flati meja, nyepesi na ya kuchangamka, na ukimaliza tafuta RV 543 ya F meja ambayo ni ya ajabu kidogo: fidla na obo hazijibizani kabisa, zinapiga wimbo mmoja kwa pamoja. Mwanzo nilidhani ni uvivu wa mtunzi. Kumbe ukisikiliza unasikia sauti ya tatu ambayo sio fidla wala obo, fidla inaipa obo ulaini na obo inaipa fidla ule ukali wa kusimama wima, kama soprano na tena wakiimba mstari mmoja kwa oktavu na wamepatana kweli kweli.

Ukitaka kumwelewa Vivaldi jua alikoandikia. Kuanzia 1703 alikuwa anafundisha fidla Pietà kule Venice, nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, na wasichana wa pale walifundishwa muziki mpaka wageni wa Ulaya nzima wakawa wanakwenda Venice kuwasikia. Walipiga wakiwa nyuma ya vizuizi vya kimiani, unawasikia huwaoni vizuri. Hawakuwa na majina ya ukoo kwa hiyo walijulikana kwa ala zao, Anna Maria wa fidla, Pelegrina wa obo. Na kila ala ilikuwepo ndani ya nyumba moja. Kwa mtunzi hiyo ni neema, asubuhi unawaza "nikiweka obo na fidla itakuwaje" na jioni wasichana wako wanakupigia.

Halafu Vivaldi alipofariki Vienna mwaka 1741 akasahaulika. Maandishi yake mengi yalikuja kupatikana miaka ya 1920, shule moja ya mapadre kaskazini mwa Italia ilitaka kuuza maktaba yake, mtaalamu Alberto Gentili wa Turin akaitwa kuangalia, akakuta mabunda ya Vivaldi. Na akagundua ni nusu tu, namba zinaruka, nusu nyingine ikapatikana kwa familia moja ya Genoa. Hela za kununua zilitolewa na wazazi wawili, Foà na Giordano, kila mmoja alikuwa amefiwa na mtoto wake mdogo wa kiume, na mpaka leo makusanyo yale yaliyoko maktaba ya Turin yanabeba majina ya wale watoto, Mauro Foà na Renzo Giordano. Mimi nikisikiliza Vivaldi nawakumbuka wale watoto.

Telemann je? Nasikia aliandika nyingi kuliko wote

Kwenye huu mchezo wa kuchanganya ala Telemann, Mjerumani wa enzi za Bach, ndiye bingwa, na anapewa heshima kidogo kuliko anayostahili. Alijifunza ala nyingi mwenyewe tangu mtoto, filimbi, fidla, na kadhalika, mama yake akamnyang'anya zote alipotunga opera akiwa na miaka 12 kwa kuogopa mtoto atapotea kwenye muziki. Mtu aliyeshika ala zote mkononi anajua kila moja inapenda nini.

Yangu namba moja ni ile ya A maina ya filimbi ya rekoda (ile ya kupuliza kwa ncha, shule nyingi wanayo ya plastiki) na viola da gamba, TWV 52:a1 (TWV ni orodha ya kazi za Telemann). Viola da gamba inakaa katikati ya magoti kama selo, ila ina nyuzi sita au saba, ina mistari ya kugawa noti kwenye shingo kama gitaa, na upinde unashikwa kiganja kikitazama juu. Kwa nini alizioanisha? Kwa sababu zote mbili ni za upole. Rekoda ukiipuliza kwa nguvu noti inapanda juu ya ilipotakiwa inakuwa ya uongo, haina njia ya kupiga kelele. Gamba nayo inanong'ona. Fidla ingeifunika rekoda ila gamba inakaa chini yake, mmoja juu kabisa mmoja chini, katikati kuna hewa, na okestra inajua kukaa kimya. Ina sehemu nne, ya kwanza ni Grave, taratibu na nzito, na ya tatu imeandikwa Dolce, tamu, na ni tamu kweli.

Ipo pia ya filimbi ya ubavuni na fidla, E maina, TWV 52:e3. Siri ndogo ya hizo namba: TWV 51 ni solo mmoja, 52 wawili, 53 watatu, na ile herufi ni ki, ndogo ikiwa maina kubwa ikiwa meja. Ukijua hivyo unatafuta bila kubahatisha.

Brandenburg zinahesabika humu?

Zile koncheto sita Bach alizomtumia mwanamfalme mmoja wa Brandenburg, Ujerumani, mwaka 1721, zinakaribia. Ya 4 ni fidla na rekoda mbili. Ya 5 ni filimbi, fidla na hapsikodi. Ya 2 ni tarumbeta, rekoda, obo na fidla, wanne. Sio za wawili kwa kuhesabu ila akili ni ile ile, na ile sehemu ya kati ya namba 5, okestra yote inanyamaza wanabaki watatu tu, ni lazima uisikie.

Tarumbeta na fidla zipo?

Ipo ya Telemann ya D meja yenye fidla, tarumbeta na selo, TWV 53:D5. Tarumbeta ya zamani haikuwa na vibonyezo, noti zake za chini zimeachana mbali mbali, inaweza kuimba wimbo kamili juu kabisa tu, na kwa ki chache. Ndio maana nyingi ziko D. Kwenye sehemu za polepole tarumbeta mara nyingi inapumzika, hata Brandenburg ya 2 ndio hivyo.

Ziliandikwa zipigwe kanisani?

Nyingi hapana. Nyumba za watawala, Pietà, na nyingine kwenye mgahawa wa kahawa. Leipzig kulikuwa na kikundi cha wanafunzi na wanamuziki, Collegium Musicum, alikianzisha Telemann akiwa mwanafunzi mwaka 1702 hivi, na mwaka 1729 Bach akakichukua. Walipiga kwa Zimmermann, mwenye mgahawa, Ijumaa usiku saa 2 hadi saa 4 wakati wa baridi, na kiangazi Jumatano alasiri kwenye bustani nje ya mji. Zile koncheto za hapsikodi zinahusishwa sana na pale. Fikiria, watu wana vikombe mkononi na Bach yuko kwenye hapsikodi. Jengo lenyewe halipo tena, lilibomolewa na mabomu mwaka 1943.

Ila kanisani nako zilipenya. Kantata (kazi ya kuimbwa na kwaya, waimbaji solo na okestra) ya Bach namba 21, iliyoimbwa Weimar mwaka 1714, inaanza na kipande cha ala tu, obo na fidla, C maina pia, dakika tatu hivi. Ni kantata ya mtu mwenye majonzi mengi, na kabla hata kwaya haijafungua mdomo obo na fidla zimeshasema yote, zinapokezana kilio, moja ikishikilia noti nyingine inapanda juu yake mpaka inauma. Kama huna muda wa koncheto nzima anza na hiyo.

Kondakta yuko wapi kwenye video?

Hayupo, na hakuhitajika. Anaongoza mpiga fidla wa kwanza kwa kichwa na upinde, au mtu wa hapsikodi. Hapsikodi na selo ndio mgongo, inaitwa kontinuo, mpiga hapsikodi ana mstari wa besi wenye namba juu yake na kodi (chords, noti za kupigwa pamoja) anazijaza mwenyewe papo hapo, kama mpiga kinanda wa kanisani anavyofuata wimbo bila kuandikiwa kila kitu.

Rekodi gani nzuri?

Ya ala za kisasa, Arthur Grumiaux kwenye fidla na Heinz Holliger kwenye obo, BWV 1060R. Hawashindani kabisa, sijawahi kuichoka. Yenye mwendo wa kasi, Hilary Hahn na Allan Vogel, ya 2003. Baada ya hapo sikiliza kikundi chochote chenye ala za mtindo wa baroki, nyuzi za utumbo wa kondoo badala ya chuma, usikie fidla ikiwa na mikwaruzo kidogo na obo ya mti ikiwa na giza zaidi. Zile sauti zinakaribiana kuliko za kisasa, na hapo unaelewa kwa nini waliziweka pamoja.

Baada ya baroki ziliishia wapi?

Zilibadilika jina na tabia. Mozart aliandika ya filimbi na kinubi Paris mwaka 1778, Haydn akaandika London mwaka 1792 ya fidla, selo, obo na basuni. Max Bruch aliandika ya klarineti na viola mwaka 1911. Nzuri zote, ila okestra imekuwa kubwa na wale wawili wanaongea na ukumbi kuliko wanavyoongea wao kwa wao.

Mimi napiga fidla na rafiki yangu filimbi, tunaweza kujaribu?

Mnaweza, na msingoje okestra. Noti za hizi kazi za zamani zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP, tafuteni ambayo okestra imefupishwa kwa kinanda, mpate mtu wa tatu wa piano au ogani ya kanisani. Filimbi ya kisasa inafika chini mpaka C ya kati kwa hiyo mstari wa obo wa BWV 1060R inauweza. Anzeni na ile Adagio kwa mwendo wa taratibu mno, kinanda kipige besi tu kwanza.

Wa filimbi aweke alama za penseli kila anapopumua. Kisha wa fidla azinakili alama hizo hizo kwenye karatasi yake, na akifika hapo anyanyue upinde kidogo hata kama hahitaji, avute pumzi na mwenzake. Mkikosea rudini kwenye alama ya pumzi iliyopita, sio mwanzo wa ukurasa. Kwa wiki ya kwanza msipige zaidi ya mistari minane.